Mkono Ulioungua Bila Moto

Nimeombwa mara nyingi nisimulie ugonjwa wangu, na mara nyingi nimekataa, kwa sababu nikianza tu hasira inanipanda. Leo nimekubali. Ndugu mmoja wa parokia yetu amelala kitandani na ugonjwa uleule, na juzi mkewe alikuja kuniuliza kama mtu hupona. Hupona. Mimi hapa nimepona. Lakini nitasimulia kwa namna yangu, na nikikasirika katikati, mnivumilie.

Jina langu ni Evaristi. Miaka ile ya ukoloni mji wetu uliitwa bado Elisabethville, nami nilikuwa mwokaji mikate kwa Mgiriki mmoja upande wa Wazungu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, kifua kipana, mikono ya chuma. Nilikanda unga, nikaingiza mikate tanurini kwa koleo refu la mbao, nikaitoa, nikarudia, tangu alfajiri mpaka jua kali, na nilijisifu kwamba sichoki. Kifaransa changu kilikuwa cha tanurini. Nilijua farine, yaani unga, nilijua vite, haraka, nilijua imbécile, mjinga, na zaidi ya yote nilijua brûlé, umeungua, kwa maana kila mkate ulipotoka mweusi patron, yule Mgiriki, alilipaza neno hilo mpaka likasikika barabarani.

Tulikaa cité, mtaa wa watu weusi, mimi na mke wangu Victorine na binti yetu Anyesi, ambaye alikuwa hajatimiza mwaka. Kukaa mjini wakati ule hakukuwa haki ya mtu, kulikuwa karatasi. Ukifanya kosa kazini au ukikamatwa na kosa nyumbani, karatasi inachukuliwa, mnapandishwa lori na sufuria zenu, mnarudishwa kwenu. Kwetu maana yake ilikuwa Mitwaba, alikotoka baba yangu kabla ya kufuata kazi ya reli. Victorine alizaliwa hapa hapa mjini. Mitwaba alikuwa anaijua kwa jina tu.

Basi ugonjwa ulianza siku ya Alhamisi, kwa maumivu chini ya bega la kulia, karibu na uti wa mgongo. Nilidhani ni kukanda. Ijumaa maumivu yalishuka mkononi, na ngozi ikaanza kuwaka. Shati likinigusa niliruka. Maji ya baridi yakinigusa niliruka vilevile. Nilivua shati nikamwambia Victorine aangalie. Alinizungusha mbele na nyuma kama mtu anayekagua kitenge sokoni.

"Minaangalia," alisema. "Akuna kintu."

"Angalia muzuri."

"Baba Anyesi, akuna ata alama. Sema tu kama unachoka na kazi."

Alinitania, na siku nyingine ningecheka. Siku ile nilitaka kulia. Hakuna jambo linaloudhi kama kuumwa na kitu ambacho macho ya watu hayakioni. Jumamosi nilifanya kazi nikiuma meno, nikatoka na mkono mzima, na patron aliniona nikitoka na mkono mzima. Hilo mlikumbuke.

Jumapili, wakati wa kuvaa kwenda misa, vipele vilitokea. Kwanza madoa mekundu, halafu juu ya madoa vipele vya maji, vimekusanyika makundi makundi, kuanzia mgongoni, kuzunguka bega, kushuka upande wa nje wa mkono hadi kidole gumba. Ilipofika Jumatatu asubuhi vingine vilikuwa vimeungana vikawa malengelenge makubwa, maji yake ya manjano. Mkono mzima wa kulia. Kushoto, hakuna hata kimoja. Jirani yetu mmoja alisema mdudu amenikojolea usingizini. Nilimwuliza ni mdudu gani mwenye mkojo wa kutosha mkono mzima. Alinuna akaenda zake.

Patron aliponiona alinipa barua, nikaenda nayo dispansari.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu shida yangu yote ilizaliwa hapo, na ilizaliwa kinywani mwangu mwenyewe. Daktari alikuwa Mzungu mwenye haraka, Kiswahili chake kilikuwa "fungua kinywa" na "funga kinywa". Aliyetafsiri alikuwa mwuguzi kijana anayeitwa Placide, msomi, aliyeletwa kutoka mkoa mwingine miezi michache tu iliyopita. Kiswahili cha hapa kwetu alikuwa bado anajifunza.

"Uko na nini, baba?" aliuliza.

"Mukono inaungula," nilisema. "Moto inaniunguza, tangu ku bega mpaka ku kidole."

Kwetu moto ni moto wa jikoni. Homa pia ni moto. Pilipili ni moto. Mtu akisema moto unamuunguza, mama yake hatafuti majivu, anamshika paji la uso. Placide hakujua hayo. Alimgeukia daktari akasema maneno machache, na la mwisho lao lilikuwa brûlé.

Brûlé! Neno langu! Niliona furaha kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini. Nilifikiri, kumbe Wazungu nao wana jina la maumivu haya. Nikaitikia kwa kichwa kwa nguvu, nikamwambia daktari ndiyo moja kwa moja, bila mkalimani:

"Wi, dokta! Brile! Brile sana!"

Daktari aliandika kwenye kadi. Alinipaka mafuta mazito, akanifunga bandeji ya kubana tangu kwapani hadi kwenye kiganja, akaniandikia barua ya kumpelekea patron. Niliondoka nimeridhika. Mjinga mkubwa.

Patron alisoma ile barua mbele ya tanuri, na shingo yake ikawa nyekundu. Barua ilisema kwamba mfanyakazi wake ameungua na moto mkono wote wa kulia. Mtu akiungua kazini, lawama ni ya mwenye kazi.

"Mu four yangu?" alipiga kelele, akionyesha tanuri. "Hapana! Siku ya samedi ulienda na mukono muzima! Siku ya lundi unaniletea mukono ya kupikwa!"

"Patron, siyo four. Inaungula yenyewe."

"Yenyewe! Mukono inaungula yenyewe!" Aliwaita wenzangu wasikie. "Miye minajua. Bibi yako anapika lutuku."

Lutuku ni ile pombe kali ya kuchemsha na kupitisha kwenye mrija, ambayo serikali iliipiga marufuku, na iliyokuwa ikiwaunguza watu kweli wakati wa kuipika. Wenzangu waliangalia chini. Nadhani hata wao waliamini, kwa sababu wangeamini nini kingine? Malengelenge ni malengelenge. Patron aliandika barua yake mwenyewe, akaipeleka ofisi ya cité.

Siku mbili baadaye, saa sita mchana, polisi wa cité alikuja nyumbani na daftari. Alipindua godoro, akachungulia mtungi wa maji, akafika kwenye chungu cha Victorine.

"Hii ni nini?"

"Munkoyo, baba," Victorine alijibu. "Ya mahindi. Hata mutoto anakunywa. Onja."

Polisi alionja. Alionja tena kwa kikombe kizima, akapangusa midomo, akasema, "Iko muzuri." Halafu, mbele ya macho yetu, akaandika kwamba vyombo vya pombe vimeonekana nyumbani kwa mtu aliyeungua. Alituachia karatasi ya wito. Baada ya wiki tatu tungefika ofisini, mume na mke, kueleza moto ule ulitoka wapi. Tusipoeleza vizuri, karatasi ya kukaa mjini itachukuliwa.

Mkono nao haukuwa na subira ya wiki tatu. Chini ya bandeji ulivimba. Vidole vilijaa vikawa kama unga uliosahauliwa kando ya tanuri. Usaha ulianza kupenya kitambaa, na harufu yake nilishindwa kuivumilia mwenyewe. Siku ya tano nilichukua kisu nikaikata ile bandeji. Malengelenge yalikuwa yamepasuka, mengine yameacha vidonda vyeusi pembeni. Victorine alinikanda kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, na hapo angalau nilipata nafuu. Nilikaa bila shati wala kitambaa, kwa sababu hata upepo wa kanga uliniuma, na Anyesi akawa ananipandia kifuani akichezea mkono wangu. Tulimwacha. Nani angejua?

Kisha likaja lililonitisha kuliko yote. Asubuhi moja nilitaka kuchukua kikombe cha chai, mkono ukakataa. Niliuamuru uinuke, haukuinuka. Bega lilikuwa limelegea. Nilikiinua kile kikombe kwa mkono wa kushoto, nikakirusha ukutani.

Nilirudi dispansari mara tatu. Mara tatu! Kila mara nilimwambia Placide kwamba sikuungua na moto, na kila mara aliniangalia kwa uchovu, kama mwalimu anayemtazama mwanafunzi mwongo.

"Baba, iko mu kadi. Weye mwenyewe ulisema wi."

"Nilisema wi ku neno, sikusema wi ku moto!"

"Sasa juu ya nini docteur afute kadi? Na ile lutuku yenu, iko ama hapana?"

Kumbe habari za lutuku zilikuwa zimemfikia hata yeye. Nilitoka bila kuaga. Nyumbani Victorine alikuwa ananisubiri mlangoni, na yeye alikuwa na hasira yake.

"Miye njo nitafukuzwa mu muji juu ya mukono yako," aliniambia. "Uliungula wapi, Baba Anyesi? Niambie miye tu. Uliungula ku nani?"

Hapo nilielewa kwamba hata mke wangu, aliyeona vipele vikitokea kimoja kimoja siku ya Jumapili, alikuwa ameanza kusadiki karatasi kuliko macho yake. Alifikiri kuna nyumba ya mwanamke mwingine ninakokunywa, na huko ndiko nilikounguzwa. Nilimpita nikaingia ndani. Nilikuwa nimechoka kujibu. Siku tatu tulikula bila kusemezana.

Wiki ya tatu ilipokuwa imeanza, Anyesi alipata homa. Kesho yake vipele vya maji vilimtoka usoni, kifuani, kichwani katikati ya nywele. Jirani wa yule mdudu alichungulia, akasema neno moja, "ndui", akafunga mlango wake. Tulisahau ugomvi wetu palepale. Victorine alimfunga mtoto mgongoni, nikamfuata, mkono wangu ukining'inia, mpaka kwenye zahanati ya watoto ya masista.

Aliyetupokea alikuwa sista mzee. Alikuwa amekaa miaka mingi kule Mitwaba kabla ya kuletwa mjini, na Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu kabisa. Alimvua Anyesi nguo, akamgeuza taratibu, akabonyeza kipele kimoja.

"Siyo ndui," alisema. "Ni varicelle. Tetekuwanga. Itapita. Ila mu quartier yenu, mu mutaa muzima, sijaona mutoto mwingine nayo. Nani mu nyumba alikuwa na bidonda?"

"Akuna, ma sœur," Victorine alisema. "Baba yake tu, na yeye aliungula."

Sista aliniangalia. "Uliungula na nini?"

Naona aibu kusema nilichojibu. Nilikuwa nimepigana na neno hilo zaidi ya wiki mbili, nguvu zilikuwa zimeniishia. Nilisema, "Moto, ma sœur. Baliandika brûlé."

"Siulize bale baliandika. Minauliza weye. Moto iliguza mukono, ao ulisikia tu moto?"

Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo. Daktari hakuuliza, wala patron, wala polisi.

"Nilisikia tu," nilisema. "Nilisikia siku tatu, na ngozi ilikuwa muzima."

Aliniambia nivue shati. Alipita nyuma yangu, akanigusa kwa kidole katikati ya mgongo, akafuata makovu mpaka begani, akashuka mkononi, akaishia kwenye kidole gumba.

"Mama, kuja uone," alimwita Victorine. "Inaanza hapa ku mugongo, haivuke upande ingine. Inafuata mukono mpaka mwisho. Moto ya four haichore mustari hivi. Na moto ya four haiambukize mutoto."

Victorine aliangalia. Aliangalia muda mrefu, halafu akaanza kulia, na sista akadhani analia kwa ajili ya mtoto.

Sista alituongoza yeye mwenyewe hadi dispansari, akaingia kwa daktari bila kubisha hodi. Walizungumza Kifaransa. Daktari alimkagua Anyesi, akanikagua mimi, safari hii mgongo na bega pia, akasema neno ambalo sikulijua: zona. Wengine siku hizi huita mkanda wa jeshi. Alieleza, na Placide akatafsiri kwa sauti ndogo, kwamba ni ugonjwa uleule wa tetekuwanga. Niliugua nikiwa mtoto, ukajificha mwilini miaka yote, ukaamka ukapita kwenye mshipa mmoja wa fahamu. Ndiyo maana ulishika upande mmoja. Ndiyo maana mkono ulilegea. Na maji ya vipele vyangu ndiyo yaliyompa mwanangu tetekuwanga.

Mwishoni daktari alisema jambo lingine, na Placide akasita.

"Anasema nini?" niliuliza.

"Anasema... kama ungeeleza muzuri tangu mwanzo."

Kama ningeeleza! Ndugu zangu, niliposikia hayo, mkono usioinuka karibu uinuke. Victorine alinishika shati. Daktari alikuwa tayari anaandika barua ya ofisi ya cité, hakuona kitu. Tulipotoka, Placide alitufuata mpaka barazani, akavua kofia yake. "Baba, nilikosa," alisema. "Nilisikia moto, nikaona moto." Katika watu wote wa habari hii yeye peke yake ndiye aliyeniomba msamaha. Nilimsamehe, ingawa siyo siku ile.

Siku ya wito tulifika ofisini na barua. Karani alikuwa mtu mweusi kama sisi, tai shingoni, kalamu mbili mfukoni. Aliisoma barua mara mbili.

"Zona," alisema. "Zone gani? Miye minauliza juu ya moto, docteur ananiandikia juu ya quartier."

"Ni jina ya ugonjwa, bwana karani," nilisema.

"Ugonjwa ya wapi? Kadi inasema brûlure. Patron anasema brûlure. Polisi aliona bintu ya pombe. Hii karatasi haiseme ata neno juu ya lutuku." Aliisukuma pembeni, akavuta daftari lake kubwa. Nilimwona akitafuta ukurasa wetu.

Victorine alimshusha Anyesi mgongoni, akamvua kigauni, akamsimamisha juu ya meza, juu ya daftari lenyewe, na vipele vyake vyote vikiwa vimefanya magamba usoni na kifuani.

"Bwana karani," alisema, "ile moto muliandika ya baba yake, njo hii ku mutoto. Mumubebe kidogo."

Karani alirudi nyuma na kiti chake mpaka ukutani. "Ondosha huyu mutoto hapa! Atatuambukiza siye bote!"

"Moto inaambukiza?" Victorine aliuliza.

Polisi yule wa munkoyo, aliyekuwa amesimama mlangoni, alicheka kwa sauti kisha akajifanya anakohoa. Karani alinyoosha mkono mrefu, akachomoa karatasi yetu ya kukaa mjini chini ya miguu ya mtoto, akaipiga muhuri bila kutuangalia. Tulirudi nyumbani na ruhusa ya kukaa.

Mkono ulichukua miezi minane kupona. Sista alinifundisha kusimama karibu na ukuta na kutambaza vidole kwenda juu, kidogo kidogo, kila asubuhi. Victorine aliweka alama ya makaa pale vidole vilipofika. Wiki nyingine alama haikusogea hata upana wa ukucha, na niliutukana ule ukuta kwa lugha zote ninazojua. Maumivu yalibaki hata vidonda vilipokauka, yalinichoma ghafla nikila, nikisali, nikicheka. Patron alinirudisha kazini, kwanza kufunga mikate kwa mkono wa kushoto. Hakusema pole. Nilirudi, kwa sababu karatasi ilitaka kazi. Na kadi yangu ya dispansari haikusahihishwa kamwe. Miaka iliyofuata kila daktari mpya aliisoma akaniuliza niliungua wapi, nami nikaanza upya kueleza.

Kwa hiyo ninyi mnaougua, na wewe ndugu yangu uliyelala kitandani, nawaambia hivi. Ngozi ikiwaka upande mmoja bila sababu, nendeni hospitali mapema, msingoje vipele. Wekeni watoto wachanga na wajawazito mbali na maji yake. Msikubali kufungwa mkono ukabanwa mpaka uoze. Na mkiulizwa na mganga kwa lugha msiyoijua, msiseme ndiyo kwa kutaka kumfurahisha. Semeni tena. Semeni mpaka mchukiwe. Utapona, ndugu. Utachukia sana, halafu utapona.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule sista, kwa swali lake moja. Namshukuru Victorine, ingawa kwa lile swali lake la mlangoni hajawahi kuniomba radhi, wala mimi kwa kile kikombe.

Anyesi sasa ni mama wa watoto wanne. Vipele vyake vyote vilipotea, isipokuwa kimoja kilichoacha kovu juu ya jicho, dogo kama punje ya mtama. Alipokuwa msichana kovu hilo lilimkera, akawa analificha kwa kilemba. Siku moja alimwuliza mama yake kama alianguka. Mama yake alimwambia hapana, hakuanguka, alisimama juu ya meza ya serikali kabla hajajua kutembea, na ndiyo maana tunakaa mji huu.